Kitabu Nilichokiosha Mara Saba

Juzi bomba lilipasuka ukutani, nyuma ya kabati la vitabu vya mwanangu, na nilipofungua mlango wa chumba nikakutana na harufu ya karatasi iliyolowa. Si harufu mbaya. Inakaribia ya unga uliochacha, na ndani yake mna kitu cha udongo. Mwanangu alilalamikia vitabu vyake. Mimi nilikaa kitako juu ya zulia bichi nikavuta pumzi, kwa sababu harufu ile nilikuwa nimeinusa mara moja tu kabla, katika chumba kimoja cha Kilburn, na safari ile kosa lilikuwa langu, si la bomba.

Nyinyi wa rika langu mliokulia London miaka ile mnaijua nyumba yenyewe hata kama hamkuiingia. Ilikuwa ndefu, ya matofali, imekatwakatwa vyumba, kila chumba na familia yake. Choo na bafu viko kwenye ngazi, vya watu wote, na hita ya parafini katikati ya chumba inanuka mpaka kwenye sare za skuli. Chumba chetu kilikuwa cha watu watatu: mama, Bibi mzaa mama, na mimi. Baba alikuwa bado Zanzibar akingoja pasi ambayo kila barua ilisema imo njiani. Mama alikuwa msaidizi wa wadi hospitalini, akitoka alfajiri na gauni lake la kazi lililonyooshwa kama ubao. Bibi alishinda nyumbani. Kule Pemba alikuwa na shamba la karafuu, na baada ya mapinduzi shamba likawa la wengine. Sasa mikono yake, iliyozoea kazi tangu alfajiri mpaka magharibi, ilikuwa imelala mapajani ikitazama mvua.

Nilikuwa na miaka minane. Mwalimu wangu wa skuli, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alimwandikia mama barua. Ilisema kwamba siendi pamoja na wenzangu katika kusoma, na kwamba ingekuwa heri nihamishiwe darasa la chini, lile la pembeni mwa chumba cha tanuri la kupasha joto, pamoja na watoto waliofika nchini karibuni. Kabla ya uamuzi, mkuu wa skuli angenisikiliza mwenyewe, Ijumaa ya wiki ya pili. Ningesoma kitabu kizima, kwa sauti, mbele yake na mbele ya mama.

Mama aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama, koti hajalivua.

"Mtoto wa ghorofa ya juu walimpeleka darasa hilo," alimwambia Bibi. "Mwaka wa pili huu. Anachonga viazi, anavichovya rangi, anagonga mihuri. Ukiingia kule hutoki."

Mama alikusudia kwamba hurudi tena katika darasa la kawaida. Mimi nililichukua neno kama lilivyo: mlango unafungwa, hutoki. Nilikuwa nimewaona watoto wa darasa lile wakiingia asubuhi, na kwa kuwa saa yao ya kuondoka ilikuwa mbali na yetu, sikuwahi kuwaona wakitoka hata siku moja. Kwangu mimi ushahidi ulikuwa kamili. Usiku ule niliamua kwamba nitasoma, hata meno yaning'oke.

Mwalimu alinipa kitabu cha kujifunzia. Kilikuwa kipana, chembamba, chenye jalada gumu, picha zake zimechorwa kwa wino na kupakwa rangi za maji. Kulikuwa na shamba juu ya mlima, nyumba ya mawe, ukuta mfupi usio na saruji, kisima bondeni, na mkulima mzee mwenye kofia anayepanda mlima na ndoo mbili kila asubuhi. Na kulikuwa na nguruwe wanne. Hawa ndio waliokuwa na akili shambani. Walimwona mkulima anavyoumia, wakaamua kuunda mashine ya kupandisha maji.

Darasani niliwaona nikafumba macho. Sikuwa nimewahi kuwa karibu nao kiasi kile: wekundu wa waridi, wanene, wanacheka. Nyumbani hatukulitamka hata jina lao ila kwa lazima. Lakini kitabu ndicho kilichokuwa kati yangu na ule mlango, basi nikatafuta njia. Nilikata upande mmoja wa paketi ya majani ya chai, nikawa nafunika picha kwa kile kikaratasi na kusoma maneno yaliyo chini yake. Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno, jioni baada ya jioni, huku Bibi akisali pembeni yangu. Kwa njia hiyo nilifika ukurasa wa tisa. Nilijua kwamba nguruwe wameshakusanya vitu vyao: gurudumu la baiskeli, kamba, ndoo, gari bovu la kusukumia mtoto mchanga, na ngazi. Nguruwe wenyewe sikuwa nimewatazama.

Ikaja Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda chuoni, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, tukasome Kurani na fikhi kwa mzee mmoja wa Kiunguja aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Siku hiyo somo lilikuwa najisi. Alituhesabia: najisi khafifu, najisi ya kati na kati, najisi nzito. Nzito ni mbwa na nguruwe. Namna ya kuitoharisha ni kuosha mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo.

"Maalim, na kama nguo yangu imemgusa tu?" aliuliza mmoja wetu.

"Ikiwa kuna umajimaji baina yao, nguo ioshwe. Kikavu kwa kikavu hakitii najisi."

Sentensi hiyo ya pili niliisikia, lakini sikuitia maanani, kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshatoka mbio kurudi nyumbani. Nilikuwa nikiifuata safari ya kitabu. Kimetoka kwenye mkoba, kimekaa juu ya mkeka, na Jumatano, nilipokwenda kunywa maji, nilikiweka juu ya msala wa Bibi. Bibi akasimama hapo hapo akasali isha. Nikahesabu sala zake tangu Jumatano. Nikaona zote zimeharibika, na mharibifu ni mimi, na Bibi ni mtu mzima, siku zake za kuzilipa ni chache.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kazini na Bibi amelala usingizi wa mchana. Nilikichukua kitabu kwa ncha za vidole. Kwenye dirisha la ngazi kulikuwa na kopo la ua la mama mwenye nyumba. Nikachota humo konzi ya udongo. Nikaingia bafuni, nikatia komeo, nikafungua maji.

Nataka kusema kwamba niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Sikukitumbukiza tu. Nilikifungua ukurasa mmoja mmoja, nikapitisha maji, nikafunga, nikahesabu moja. Mara ya kwanza niliitia udongo, nikausugua kwa kiganja. Nilipofika katikati ya kitabu, kurasa mbili zilizokabiliana zilifunguka ghafla, na nikaona waridi kutoka ukingo mpaka ukingo. Nguruwe wakubwa kuliko wote, wamejaa ukurasa hapa na hapa. Nilifumba macho. Hapo nilisugua kuliko popote.

Nilikuwa kwenye mara ya tano mlango ulipogongwa.

"Nani humo? Umekufa?"

"Sijafa, Bibi."

"Basi aliye hai hafungulii maji nusu saa. Fungua."

"Bado mara mbili."

"Mara mbili za nini?"

Sikufungua mpaka nilipomaliza. Niliona kwamba nikiacha kwenye tano, kazi yote ni bure. Bibi alisimama nje akagonga, akanyamaza, akagonga tena, na nilipotoa komeo alinikuta nimelowa mpaka kifuani, mikono ina tope, na nimekumbatia kitu kilichovimba kama mkate.

Nilimweleza yote: darasa, nguruwe, msala, sala zake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya sala zake.

"Mwanangu weye," alisema alipoweza kusema. "Hii ni picha. Ina damu? Ina mate?"

"Haina."

"Na hata angekuwa mwenyewe, na yeye mkavu na weye mkavu, ungepangusa mikono ukaenda zako. Kitabu kilikuwa kikavu. Aliyekitia maji ni nani?"

Nikaelewa. Nikakitazama kitabu, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichofanya. Jalada lilikuwa limepinda. Rangi ya mlima imetiririkia mawinguni. Na Ijumaa ilikuwa ni Ijumaa hii inayokuja.

Nilianza kulia kwa kelele. Bibi aliinuka, na alivyoinuka niliona kitu ambacho sikukiona tangu tufike London: alikunja mikono ya gauni lake.

"Nyamaza. Kulia ni maji mengine hayo, na sasa maji tunayo ya kutosha. Kalete mkeka."

Nyinyi mliotoka kwenye karafuu mtajua alichofanya. Alitandika mkeka mbali na hita. Alikata uzi wa mshono kwa wembe, akazitoa karatasi mbili mbili, akazilaza, akaanza kuzigeuza kama anavyogeuza karafuu juu ya jamvi, kwa kiganja kilicho wazi, bila ya kuzivuta. Nilitaka kusogeza hita. Alinipiga mkono.

"Karafuu ukiikausha kwa moto inanuka moshi, hainunuliki. Inataka jua na subira. Jua hapa hamna. Basi tutatia subira mara mbili."

Mama aliporudi alisimama mlangoni, hana pa kukanyaga.

"Nini hiki?"

"Kitabu cha skuli," alisema Bibi. "Usikanyage mkulima."

Mama hakucheka. Alikuwa mtu ambaye kila fomu aliijaza kwa penseli kwanza, ndipo kwa kalamu. Alipokwenda Croydon kugongewa muhuri wa kukaa nchini, alibeba karatasi zake ndani ya bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Kuharibu kitu cha skuli, siku sita kabla ya kuamuliwa, kwake kilikuwa kisa cha kutisha.

"Kesho kutwa nitakwenda kumwambia mwalimu wake," alisema.

"Utamwambia nini? Kwamba mtoto wako hajui kusoma, tena anaosha vitabu?" Bibi hakuinua kichwa. "Kosa halipelekwi bichi, mwanangu. Tutalikausha kwanza. Akishasoma, aseme mwenyewe."

Walitazamana. Kisha mama alivua viatu, akanyanyua miguu juu ya kurasa kama anayevuka mto, akakaa kitandani.

"Atasoma kitabu hiki hiki," alisema. "Na akiulizwa, atasema kweli. Umenisikia, Rukia?"

"Nimekusikia, mama."

Siku mbili tuligeuza karatasi. Jumatatu jioni zilikuwa zimekauka, zimejikunja, zinalia kama mabati, lakini maneno yalisomeka. Zote ila mbili. Ule ukurasa wa kumi na wa kumi na moja, nilioufumbia macho na kuusugua, ulikuwa umegandana na udongo. Bibi aliupitishia mvuke wa birika, akauingizia kijiti chembamba alichokuwa akichokolea meno, na ulipoachana uliacha tope la waridi na nyuzi za karatasi. Hapakuwa na picha. Hapakuwa na neno.

Na ule ndio uliokuwa ukurasa wa mashine. Kwenye ukurasa wa tisa nguruwe wana vitu vyao chini, bado hawajaviunga. Kwenye wa kumi na mbili hori la kunyweshea wanyama limejaa maji, nguruwe wanacheka, na mkulima amesimama amelowa chapachapa, kofia inadondoka. Katikati pale maji yalipanda mlima, na mimi ndiye niliyeifuta njia yake.

"Nimesema kitabu kizima," alisema mama. "Barua imesema kizima."

Bibi alizichukua kurasa mbili zilizopakana na pengo, wa tisa na wa kumi na mbili, akaziweka mbele yake, nafasi katikati.

"Nisomee tena vitu walivyonavyo hao jamaa."

Nikamsomea, nikimtafsiria: gurudumu, kamba, ndoo, gari la mtoto, ngazi.

"Kisima kiko wapi?"

"Bondeni."

"Na hori?"

"Juu."

"Basi kazi ni nyepesi. Kinachotaka kupanda kitapandishwa na kinachotaka kushuka." Alivuta kikombe, uzi, na kibiringo cha nyuzi za mama. "Gurudumu wanalivua mpira, linabaki mfereji. Hiyo ni roda. Inafungwa juu, kwenye ngazi waliyoisimamisha. Kamba inapita juu ya roda. Upande huu ndoo. Upande huu gari."

"Na ndani ya gari?"

"Yule mnene wao. Yeye kazi yake uzito tu." Alinitazama. "Lakini wanafungaje fundo? Hawana vidole."

Tulilifikiria hilo muda mrefu. Nilipendekeza waite mkulima awafungie. Bibi alikataa katakata. Alisema mashine ikimwamsha anayesaidiwa, basi si msaada. Mwishowe tuliafikiana kwamba wanafunga kwa meno, na kwamba aliye mdogo ndiye mwenye meno makali.

"Na kwa nini mkulima amelowa?"

"Ndoo ikifika juu inagonga ukingo wa hori, inapinduka. Yeye alisimama nyuma ya hori. Kila mashine niliyoiona duniani, mwanangu, lazima awepo mtu aliyesimama pasipo pake."

Jumanne na Jumatano niliandika. Bibi alisema kwa Kiswahili, mimi nikatafuta maneno ya Kiingereza niliyonayo, na pale nilipokosa nilizunguka. Roda sikuijua. Nilimuuliza mama akasema hata yeye hajui. Lakini kesho yake alirudi kutoka wadini na neno limeandikwa kwa kalamu nyuma ya mkono wake. Kulikuwa na mgonjwa aliyevunjika paja, mguu wake umetundikwa kwa kamba inayopita juu ya kijigurudumu, na mama alimwuliza nesi kile kinaitwaje. Hakunawa mkono ule mpaka nilipolinakili.

Sentensi kumi na moja. Niliziandika kwenye karatasi mbili, tukazibandika mahali pake kwa uji mzito wa unga, na Bibi akakishona kitabu upya kwa uzi mweusi. Kisha nikasoma. Nilisoma asubuhi kabla ya skuli na jioni baada yake, kutoka jalada mpaka jalada. Kikaratasi cha paketi ya chai sikukitumia tena. Nguruwe waliobaki walikuwa wamefifia, wana madoa ya udongo, na nilikuwa nimehangaika nao kiasi kwamba nisingeweza kuwaogopa tena.

Ijumaa mama aliomba ruhusa ya muda wa saa mbili. Alikuja na gauni lake la kazi, akakaa kwenye kiti cha ofisi ya mkuu wa skuli, mkoba mapajani. Mwalimu wangu alisimama dirishani. Mkuu wa skuli alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele za kijivu, na mkononi alikuwa na kitabu. Nilikitambua mara moja. Ilikuwa nakala nyingine ya kitabu changu, safi, bapa, na penseli juu yake.

Hilo hatukulifikiria. Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa kidogo kuelekea kitabu changu: soma.

Nilisoma. Niliposema neno, penseli ya mkuu wa skuli ilisogea chini ya neno hilo kwenye nakala yake. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Nilikwama kwenye "ukuta", nikarudi, nikapita. Ukurasa wa tisa. Nikafunua karatasi zetu, nikaanza sentensi ya kwanza, jinsi nguruwe walivyovua mpira wa gurudumu.

Penseli ilisimama. Sikusimama mimi. Nilijua kwamba nikinyamaza sauti haitarudi. Nikasoma ngazi, nikasoma roda, nikasoma meno ya yule mdogo, nikasoma mnene anavyoteremka ndani ya gari na ndoo inavyopanda. Nikafunua ukurasa wa kumi na mbili, wa kitabu chenyewe, na penseli ikaanza tena kwenda. Nikamaliza.

Mwalimu wangu alisogea akaangalia juu ya bega la mkuu wa skuli.

"Ukurasa wa kumi," alisema mkuu wa skuli. "Usome tena, tafadhali."

Nikausoma tena.

Aligeuza nakala yake juu ya meza ili niione. Kurasa mbili nzima zilikuwa picha. Nguruwe wanne wakubwa, wana jasho, wamepanga ndoo sita kuzunguka gurudumu, na mdogo wao anakimbia ndani yake. Ilikuwa mashine nyingine kabisa, nayo ilikuwa nzuri. Nikaitazama kwa makini, kuanzia kisimani mpaka horini. Kisha nikatafuta maneno. Chini hapakuwa na neno. Juu hapakuwa na neno. Ukurasa ule haukuwahi kuandikwa kitu.

"Ulikuwa unasoma nini?" aliuliza mkuu wa skuli.

"Nilikiosha kitabu," nilisema. "Ukurasa huo ukafutika. Nilidhani una maneno, nikayatia."

"Ulikiosha?"

"Mara saba."

"Kwa nini saba?"

"Sita hazitoshi."

Mwalimu aligeuka upande wa dirisha. Mama alifungua mdomo, na nikajua anataka kueleza kwa niaba yangu, kuomba radhi, kutoa bahasha zake tatu. Lakini aliufunga. Aliniachia mimi.

"Nani alikusaidia?"

"Bibi yangu."

"Anajua Kiingereza?"

"Hajui."

"Sasa alikusaidiaje?"

"Yeye alijenga," nilisema. "Mimi nikaandika."

Mkuu wa skuli alikichukua kitabu changu, akakifungua mgongo, akauangalia uzi mweusi. Akakinusa. Akapiga kidole juu ya sentensi moja, akamwonyesha mwalimu, na mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba neno hilo hajawafundisha.

"Na hili umelipata wapi?"

"Kwenye mguu wa mgonjwa wa mama."

Mkuu wa skuli alikifunga kitabu. Halafu akaikunja ile barua, nakala yake iliyokuwa mezani, akaitia kwenye droo. Akasema kwamba mtoto anayetia maneno mahali pasipo na maneno hana haja ya kuhamishwa popote. Nitabaki darasani kwangu. Akasema pia kwamba kitabu cha skuli si sufuria. Kila Alhamisi mpaka mwisho wa muhula nitabaki baada ya masomo, nibandike migongo ya vitabu vilivyochanika, na nisitumie maji.

Tulitoka. Mlango wa darasa la chini ulikuwa wazi, na ndani watoto walikuwa wakivaa makoti yao, tayari kwenda kwao. Niliwatazama wakitoka mmoja mmoja. Mama hakunisubiri, alikuwa anawahi basi la kumrudisha wadini.

Barabarani alitembea haraka, nami, niliyekwisha ruhusiwa kurudi nyumbani, nikimkimbilia. Basi lilipita mbele ya macho yetu. Mama akasimama, akavuta pumzi, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona siku ile.

"Soma lile," alisema, akinyoosha kidole kwenye bango la duka la ng'ambo.

"Wewe si unajua kusoma, mama?"

"Najua. Nataka kukusikia."

Nikasoma. Duka la samani zilizotumika. Akaanza kutembea, polepole sasa, na kila tulipofika mbele ya mlango alisema, "Na hilo?" Nikasoma dobi, nikasoma mwuza nyama, nikasoma vyumba vya kupangisha na nikasoma ni watu gani hawatakiwi katika vyumba hivyo, na mama akasema, "Endelea." Basi la pili likaja likapita, hakulipungia mkono. Karibu na kona palikuwa na bango refu la mtengeneza meno, maneno yake marefu kuliko yote niliyokutana nayo. Nilijaribu nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Nilimtazama mama anisaidie. Aliuhamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akageuza uso kutazama magari, na akabaki amesimama hapo, na saa ya ruhusa inakwisha, mpaka nilipolimaliza.